Nyasi za Nyuma ya Nyumba

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na wifi yangu na yule binti yenu ambaye nasikia siku hizi ananizidi kimo. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na wewe mwenyewe itakukuta umeshakula na umekaa kitako, maana ni ndefu na si ya kusomwa mlangoni huku viatu viko miguuni. Kile kikohozi cha wifi kimeishia wapi? Mwambie asikidharau. Sisi huku miili yetu haijambo. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na bado analalamika kwamba chai yangu naitia sukari kama mtu anayepima dawa. Kitalu changu kinaendelea, wateja wanakuja, na mgongo unauma pale pale unapouma siku zote.

Kabla sijaenda mbali, nakuomba jambo moja. Najua mwisho wa mwezi mnahama. Najua mmeshaanza kufunga mizigo, na kwamba binti amechagua mwenyewe rangi ya mapazia ya chumba chake, kile cha nyuma. Tafadhali usifunge hata sanduku moja zaidi kabla hujafika mwisho wa barua hii, kwa sababu habari yenyewe ni ya chumba hicho. Nimejaribu kukueleza kwenye simu mara nne. Kila mara unauliza nyasi zinaendeleaje, nami najibu zinaendelea vizuri, na ni kweli zinaendelea vizuri, halafu nasingizia mtandao na kukata. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nimeamua kuandika kila kitu kwa mpangilio wake, hata mahali ambapo utanichukia.

Nyumba ilipokwisha kupigwa rangi ulisema kwamba sasa Bi Udongo apewe udongo wake, mkacheka wewe na Baba, nami nikajifanya kununa. Jina hilo mlinipa nina miaka sita, kwa sababu nilikuwa siingii ndani mpaka nivutwe sikio, na sasa ndilo linalonilisha. Ulitaka nyasi kuzunguka nyumba nzima, na hukutaka za kupandwa shina moja moja na kungojewa. Ulitaka za mapande, zile zinazokatwa pamoja na udongo wake kama mikeka midogo na kutandikwa zikiwa hai, ili mkifika mkute kijani tupu na binti akanyage pekupeku. Nilikwambia mapande hayatupwi juu ya kiwanja cha ujenzi kama zulia sebuleni. Ukanijibu nifanye ninavyojua.

Basi nikaanza na kifusi. Kaka, mafundi ujenzi ni watu wa ajabu, na nasema hivyo nikiwa binti wa fundi. Kila walichoshindwa kukibeba walikifukia. Nimetoa vipande vya matofali, misumari iliyopinda, mifuko ya saruji iliyoganda na kuwa mawe, soli ya kiatu cha mguu mmoja na kijiko kizima ambacho sasa tunakitumia nyumbani. Pale walipokuwa wakikorogea zege udongo umekuwa mweupe na mgumu, na nyasi ukizitandika hapo, hata uzibembeleze vipi, zitanyauka, kwa sababu saruji na chokaa huunguza mizizi. Kwa hiyo nilichimba kwa sululu kina cha shibiri moja na nusu kuzunguka nyumba, nikachekecha, nikatoa toroli thelathini na mbili za takataka. Kisha nikaleta udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, isiyo na harufu kabisa. Majirani waliziba pua vilevile, nadhani kwa kunifanyia heshima tu.

Kila asubuhi Baba alikuwa anakuja nami. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwiko wake mkononi ingawa hakuwa na kazi nao, akaniambia wapi pamepanda na wapi pameshuka. Unajua mtaa mzima unamwita Fundi Timazi, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Ukimwuliza kama uwanja uko sawa hahitaji pima maji, anainamisha kichwa kidogo na kufumba jicho moja, na akisema pana upungufu wa vidole viwili upande wa geti, nenda kapime, ni vidole viwili. Nilifurahi kuwa naye. Tangu Mama atutoke alikuwa hajakaa na mtu kutwa nzima hivyo.

Najua utauliza kama sikuona dalili zozote. Niliona. Wakati Baba anaijenga nyumba yako, siku moja yalikuja malori mawili ya mchanga, asubuhi moja na mchana moja, kwa sababu Baba alikuwa ameagiza, akasahau kwamba ameagiza, akaenda kuagiza tena. Madereva wakabishana pale barabarani kama wakwe kwenye harusi. Mimi nikacheka sana, na jioni nikamsimulia jirani, naye akacheka. Nakuandikia kwamba nilicheka ili ujue nilikuwa wapi mambo haya yalipokuwa yanaanza.

Siku ya tisa ya kuchimba nilifika nyuma, kwenye ukuta wa chumba cha binti. Palikuwa na mfuko wa saruji iliyoganda, umefukiwa na kuegemea ukuta. Niliuchimbua pembeni, nikauvuta kwa nguvu, ukatoka na tope lake na kuacha shimo. Nikaingiza mkono nitoe tope lililobaki. Mkono ukaingia chini ya ukuta mpaka kwenye kiwiko.

Nilitarajia kugusa zege. Kila ukuta wa Baba niliowahi kuchimba karibu yake una zege chini, pana kuliko ukuta wenyewe, na ukilifikia sululu linakurudi mkononi. Mimi niligusa tumbo la tofali la kwanza, na chini ya tofali nikagusa udongo. Nikasogeza mkono kushoto, udongo. Nikachimba hatua tatu mbele, udongo. Nikaenda kwenye kona, nikazunguka upande, na hapo ubavuni sululu likagonga zege kama inavyotakiwa. Nyumba yote iko sawa, kaka, hilo nimelihakikisha kwa kuchimba. Ila kile chumba kiliongezwa baadaye, uliposema binti amekua na anataka chumba chake, na ukuta wake wa nyuma, kutoka kona hadi kona, umekaa juu ya ardhi tupu.

Nikamwita Baba. Alipiga magoti, ambayo siku hizi ni kazi, akaingiza mkono mwenyewe na kupapasa kwa muda mrefu. Halafu akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba zege lipo. Alilimwaga mwenyewe. Akanieleza siku yenyewe ilivyokuwa, jua lilikuwa kali, aliyesukuma toroli ni Chongo, yule msaidizi wake wa zamani, na walimaliza kabla ya adhuhuri, Mama akawaletea uji kwenye ile birika kubwa.

Chongo tulimzika mwaka niliomaliza shule. Na Mama, kaka, alituacha kabla hujanunua hata hicho kiwanja.

Nilikuwa nimeshika sululu kama mtu aliyekabidhiwa kitu asichokijua. Baba akasimama, akajipangusa magoti, akanitazama usoni, na nadhani aliyaona maneno yake mwenyewe kwenye uso wangu, kwa sababu alibadilika. Alitazama lile shimo, akatazama nyumba. Kisha akasema, "Usimwambie kaka yako. Mwambie nyasi ni nzuri."

Nami nilitii. Nililijaza lile shimo na mengine yote niliyoyachimba, nikashindilia kwa kisigino, nikainua udongo nyuma pale kupita sehemu nyingine ili asiwepo atakayechungulia chini ya ukuta. Nilijiambia kwamba nyumba imeshapita msimu mmoja wa mvua na haijatikisika. Nilijiambia kwamba ukuta ni mfupi, paa ni jepesi, ardhi ya pale ni ngumu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na mimi nilizipata nyingi kabla ya chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata mapande yakaja, gari zima, yamekatwa alfajiri na bado yana umande. Nyasi za namna hiyo hazilazwi kwenye gari zikaamka, lazima zitandikwe siku ileile. Niliwachukua wanawake wawili wa kitaluni tukaanza kutandika upande wa mbele. Baba akatutazama kidogo, akainuka kwenye ndoo yake, akatunyang'anya kazi. Alifunga kamba kutoka kona hadi kona, akalaza safu ya kwanza, na safu ya pili akaianza kwa nusu pande, mshono usikutane na mshono, vilevile anavyopanga matofali. Kila pande aliligonga kwa mpini wa mwiko mara mbili mpaka likae. Akatufokea kwa kuacha mianya. Akaimba. Alitandika ua mzima pamoja nasi mpaka saa kumi, na hakusahau hata kitu kimoja, kwa sababu mikono yake haijasahau kitu. Wale wanawake waliniambia hawajawahi kuona nyasi zilizolala sawasawa namna ile. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo tangu msiba.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaa kosa jingine. Nyasi za mapande zikishatandikwa hazina mizizi ya kushika. Wiki tatu za mwanzo zinataka maji kila siku, tena maji ya kulowesha mpaka chini, la sivyo zinajikunja pembeni na kufa. Nikanunua mpira mrefu, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Na udongo wa nyuma, ule nilioujaza kwa mikono yangu, ulikuwa mlaini kuliko wote, kwa hiyo ulikunywa kuliko wote. Nilisimama pale na mpira wangu nikimimina maji chini ya ukuta usio na msingi ili mkija mpaone pamependeza.

Siku ya kumi na mbili nikaona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la binti, mwembamba kama unywele, ukashuka kuelekea kona ya nyumba. Baba aliuziba na kuupaka rangi. Baada ya siku nne ulirudi. Unakumbuka alivyotufundisha zamani, kwamba ukitaka kujua kama ufa umelala au unatembea unabandika kipande cha karatasi juu yake na gundi, halafu unangoja? Nilibandika vipande vitatu. Cha juu kilichanika siku ya pili, cha kati siku ya tatu. Cha chini kilichanika jana. Sasa ukisimama ndani ya chumba hicho mchana unaona mstari wa mwanga pembeni ya dirisha, na mlango wake unakwama kwa chini.

Nikaenda kumwita Fundi Mnene, yule rafiki wa Baba aliyekuwa anatubeba mabegani hadi tunapiga vichwa kwenye kenchi za paa. Nilimwomba aje siku ambayo Baba yuko kliniki. Alizunguka nyumba mara mbili akihema, akachimba kidogo. Alisema ukuta unaweza kuokolewa. Maji yasimame leo hii. Nyasi zote za nyuma ziondolewe pamoja na udongo nilioupandisha, paa liegemezwe kwa nguzo kutoka ndani, halafu pachimbwe chini ya ukuta kipande kwa kipande, unachimba urefu wa mkono mmoja, unaruka mmoja, unachimba mwingine, zege limwagwe na liachwe likauke kabla ya kugusa kipande kinachofuata. Alisema ni kazi ya miezi miwili, ukiikimbiza ukuta unakulalia. Na alisema, akininyooshea kidole, kwamba mtu asilaze mtoto ndani ya chumba kile hata usiku mmoja. Kisha akaniuliza nani alikagua ule mtaro wa msingi kabla haujafunikwa.

Nimeandika mpaka hapa bila shida sana, kaka, lakini sasa kalamu imekuwa nzito.

Aliyekagua ni mimi. Wewe uliniandikia kabla hata jiwe la kwanza halijalazwa, ukasema Baba amezeeka na hutaki kumvunjia heshima kwa kuleta msimamizi wa nje, kwa hiyo mimi niwe macho yako, na kila hatua ya msingi nikutumie picha kabla haijafukiwa. Nilifanya hivyo kwa nyumba yote. Ilipofika kile chumba cha nyongeza, mvua ilinyesha siku nne, kazi ikasimama, nami nikapata kazi ya kupanda maua kwenye ua wa shule. Nilipokuja tena ukuta wa nyuma ulikuwa umeshapanda matofali matatu. Pale getini alikuwepo msaidizi mmoja, yule mrefu mpole, mtu mzima mwenye familia yake, amekaa juu ya mfuko wa nguo zake. Akaniita pembeni. Aliniambia kwamba hakuona zege likimwagwa nyuma, kwamba alimwambia Baba hivyo kwa adabu, na Baba akamfukuza kazi mbele ya wenzake.

Nilipaswa kwenda kuchimba palepale, ni kazi ya dakika kumi. Badala yake nilimwambia mtu yule kwamba baba yangu alikuwa anamwaga zege kabla yeye hajaota meno. Nikamwacha achukue mfuko wake aende. Halafu nikaenda ubavuni, ambapo palikuwa bado pako wazi kidogo, nikapiga picha kutokea upande mwingine ili isifanane na ile ya ubavu niliyokutumia kabla ya mvua, nikakutumia, na chini yake nikaandika: ukuta wa nyuma. Ukanijibu kwamba sasa utalala usingizi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na haraka, hilo ni kweli. Nilimwonea fahari Baba, hilo nalo ni kweli. Lakini kuna la tatu. Yale malori mawili ya mchanga yalikuja wiki moja kabla ya siku ile, na mimi niliyecheka sana nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Sikuchimba kwa sababu niliogopa nitakachokikuta, na kukikuta kungekuwa na maana kwamba Baba anatuponyoka, na mimi ndiye ninayekaa naye. Kwa hiyo niliamua kwamba hakuna kitu chini pale, nikafunga macho yako pamoja na yangu.

Ukitaka kukasirika, nakuomba hasira yote uilete kwangu. Baba alisahau. Mimi sikusahau kitu, nilijua ninachofanya nilipokuwa naandika yale maneno chini ya picha. Yule msaidizi nimemtafuta, nimempata kwenye ujenzi mmoja nyuma ya stendi, nimemwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akarudi kwenye kazi yake. Sikupata zaidi ya hapo na sikustahili zaidi.

Jana nimeanza kuyang'oa mapande ya nyuma. Yameshashika, kaka. Yana mizizi mirefu kama kidole, na ukivuta yanatoa sauti ya nguo inayochanika. Yanayopona nayahamishia kwenye ukingo wa njia, mengine yamekwisha. Mpira nimeufunga na kuuweka stoo. Fundi Mnene ameleta nguzo na kesho tunaegemeza paa. Kwa hiyo msije kukaa mwisho wa mwezi. Mwombeni mwenye nyumba wenu awaongezee muda, na binti mwambieni ukweli, ni mkubwa, atausikia. Lakini wewe njoo. Njoo peke yako hata kwa siku tatu, na nitakwambia kwa nini siwezi kungoja miezi miwili.

Tangu ufa ule upanuke, Baba anauona kila asubuhi kama mara ya kwanza. Tukifika anazunguka nyumba kama kawaida yake, akifika nyuma anasimama ghafla. Anaugusa, anafuata mstari wake kwa kidole mpaka chini, anainama kutazama. Kisha ananigeukia akiwa amekasirika, kwa ile hasira yake safi ya kazini, na ananiuliza fundi gani huyu aliyejenga hapa. Anasema mtu huyu ametaka kuua watoto wa watu. Anasema anyang'anywe mwiko.

Siku ya kwanza nilimwambia kweli. Nilidhani ndiyo heshima ninayopaswa kumpa. Alikaa chini palepale kwenye nyasi zenye maji, akaniomba nirudie, nikarudia. Hakula siku ile. Jioni alinishika mkono tukarudi nyumbani. Na asubuhi ya pili tulifika, akazunguka, akasimama, akaugusa ule ufa, akaniuliza fundi gani huyu. Sikuweza tena, kaka. Nimemwambia simjui. Kila siku namwambia simjui, na kila siku anaposikia hivyo anatulia kidogo, anatazama ukuta kwa jicho moja, anajipapasa mifukoni akitafuta penseli yake, na anasema, "Mwambie mwenye nyumba aniite. Hii mimi naiweza."

Mwenye nyumba ni wewe. Njoo umwite. Simama naye nyuma pale, mwulize kama ana nafasi, mwombe kama watu wanavyomwomba fundi mkubwa, na umwache ajivute kidogo kabla hajakubali. Fundi Mnene amekubali kuchimba na kumwaga zege mwenyewe, Baba atakaa kwenye ndoo yake na kuelekeza, na nimeona mikono yake ikifanya kazi, najua atayajua yote. Mimi nitasimama juu ya kila kipande mpaka nilione zege kwa macho yangu. Ila ukifika atakupeleka kwanza kukuonyesha ufa, na atakuuliza fundi ni nani. Hilo jibu nimekuandikia wewe peke yako.

Nisalimie sana wifi, mwambie dawa ya kikohozi ninayo hapa na nitamtumia kwa mtu wa kwanza anayekuja huko. Mbusu binti kwa niaba yangu, na umwambie shangazi yake anamwomba msamaha kwa chumba chake. Baba anawasalimu nyote. Nimemwambia ninakuandikia wewe, akafurahi, akaniuliza unaendeleaje na shule.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Udongo